Shin Tae-yong: Kutoka Kiungo hadi Mlezi wa Vijana (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilimhusu Shin Tae-yong mchezaji, kiungo mshambuliaji aliyetwaa ubingwa wa ligi ya Korea Kusini mara 6 kati ya 1993 na 2003, akateuliwa mchezaji bora wa ligi mwaka 1995 na tena 2001, lakini hakubahatika kucheza hata mechi moja ya fainali za Kombe la Dunia. Sehemu hii inaihusu kazi yake ya kuwanoa vijana, ambayo kwa hakika inaupita kwa uzito ubingwa wa klabu za Asia alioutwaa mwaka 2010 akiwa kocha wa Seongnam.

Mapema mwaka 2015 Shin alikabidhiwa kikosi cha Olimpiki, yaani timu ya wachezaji wasiozidi umri wa miaka 23 ambayo huruhusiwa kuongezewa watatu waliovuka umri huo, baada ya kocha Lee Kwang-jong kushikwa na maradhi mazito. Uzito wa dhamana hiyo hauwezi kueleweka pasipo kuijua sheria ya Korea Kusini inayomtaka kila kijana wa kiume mwenye afya alitumikie jeshi kwa muda unaokaribia miaka 2, isipokuwa mwanamichezo aliyepata medali yoyote ya Olimpiki au dhahabu ya Michezo ya Asia, ambaye hupewa mafunzo mafupi tu na kuendelea na kazi yake. Kwa kuwa wito huo humfikia mchezaji katika umri uleule ambao klabu za Ulaya humhitaji, kocha wa vijana nchini humo hubeba mikononi mwake riziki za watu, wala si matokeo ya uwanjani peke yake.

Katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 vijana wake waliifunga Fiji mabao 8 kwa 0, wakatoka sare ya 3 kwa 3 na Ujerumani, wakailaza Mexico 1 kwa 0 na kuongoza kundi, kisha wakatolewa na Honduras katika robo fainali kwa bao moja, wakarudi nyumbani bila medali na bila msamaha wa jeshi. Mwaka uliofuata aliiongoza timu ya vijana chini ya miaka 20 katika Kombe la Dunia lililofanyika Korea Kusini kwenyewe, akaifunga Argentina 2 kwa 1 kabla ya kutolewa na Ureno. Alipopandishwa kuifundisha timu ya taifa, hakuwasahau vijana hao, kwani Lee Seung-woo wa kikosi hicho alikwenda naye kwenye Kombe la Dunia la Urusi mwaka 2018.

Baadaye alikwenda kuifundisha Indonesia, ambayo ilimpa alichokihitaji zaidi, yaani mamlaka juu ya timu ya wakubwa na za vijana kwa pamoja, hata Marselino Ferdinan akaichezea timu ya taifa akiwa na miaka 17. Aprili 2024, jijini Doha, katika mashindano ya kufuzu Olimpiki, vijana wa Indonesia waliitoa Korea Kusini kwa penalti 11 kwa 10 baada ya sare ya 2 kwa 2, na hivyo nchi aliyozaliwa kocha huyo ikakosa soka ya wanaume ya Olimpiki kwa mara ya kwanza tangu 1984. Shirikisho la Indonesia lilimwachisha kazi Januari 2025, timu ikiwa ya tatu katika kundi lake la kufuzu Kombe la Dunia, uamuzi ambao haukumtendea haki.