Lori Lina Bima: Je, Dereva Naye?

Safari ya lori kutoka Kasongo kwenda Kabambare haipimwi kwa kilometa. Hupimwa kwa mvua. Wakati wa kiangazi dereva huenda na kufika. Lakini majira ya mvua udongo huwa utelezi, madaraja ya magogo hulegea, na lori lililojaa chumvi, sukari au saruji laweza kukwama njiani juma zima. Hapo dereva na wasaidizi wake hulala chini ya lori, hupika kando ya njia, na kuchimbua magurudumu kwa beleshi. Hayo yote huyafanya ili sisi tuliobaki mjini tupate sabuni na chumvi dukani.

Njia hiyo ni ya zamani. Katika karne ya 19, Tippu Tip alipokuwa na makao yake Kasongo, misafara ilipita Kabambare ikielekea Ziwa Tanganyika na Ujiji. Pembe za ndovu zilihesabiwa zilipotoka, zikahesabiwa tena zilipofika. Mpagazi aliyeanguka njiani aliachwa, na jamaa zake hawakupata kitu. Leo wapagazi hao hawapo tena, na mizigo huchukuliwa na malori. Lakini yafaa tujiulize: dereva akianguka njiani, je, jamaa yake hupata kitu?

Dereva asiye na bwana

Wako madereva wengi wasio na lori lao wenyewe, wala hawana mwajiri wanayeweza kumtaja kwa hakika. Mwenye lori huenda anakaa mbali, Bukavu, Uvira au Kindu. Ajansi ya usafirishaji hukusanya mizigo, humwita dereva, na kumlipa kwa safari. Akiugua, huitwa mwingine. Watu husema: “Huyu ni mtu wa kujitegemea.” Neno hilo husikika vizuri siku ya malipo, lakini siku ya ajali huwa chungu.

Tutwae mfano wa baba mmoja wa Kasongo, mwenye mke na watoto watano. Usiku kabla ya safari mke wake amwuliza: “Baba watoto, ukipatwa na jambo huko porini, nani atatujua sisi?”

Naye ajibu: “Usiogope, mama. Lori lina asiransi. Karatasi yake imebandikwa kwenye kioo, nimeiona kwa macho yangu.”

Mume huyo hadanganyi. Karatasi ipo kweli. Ila hajui imeandikwa kwa ajili ya nani.

Karatasi ile humlinda nani?

Katika nchi yetu ya Kongo, sheria humlazimisha kila mwenye motokari kuwa na bima ya madhara yanayowapata watu wengine. Kwa miaka mingi bima hiyo ilitolewa na shirika moja tu la serikali, SONAS, lililoanzishwa mwaka 1966. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mlango kwa makampuni mengine, na mwaka 2019 makampuni ya kwanza ya watu binafsi yalipata ruhusa. Yote husimamiwa na mamlaka ya serikali iitwayo ARCA. Basi kabla ya kulipa, ni vema kuhakikisha kwamba kampuni unayoiendea ina ruhusa hiyo.

Lakini kampuni iwe hii au ile, bima hiyo ya lazima hufanya kazi ileile. Lori likimgonga mtoto sokoni, likimwumiza mwenye baiskeli, au likibomoa ukuta wa jirani, bima humlipa aliyedhurika badala ya mwenye lori. Ni bima njema na ya haki. Lakini dereva siye yule “mwingine” anayetajwa humo. Lori likiteleza darajani bila kugongwa na motokari nyingine, naye dereva akavunjika mguu, karatasi ya kwenye kioo haimlipi. Hawezi kujidai fidia yeye mwenyewe kwa ajali ya lori aliloliendesha. Kama motokari nyingine ndiyo iliyokosea, hapo aweza kudai kwa bima ya yule aliyekosea.

Hali kadhalika mizigo: chumvi na saruji vina bima yake mbali. Tena mikataba mingi ina masharti. Dereva asiye na leseni ya kuendesha lori, mzigo uliozidi kipimo, au abiria walioketi juu ya magunia, hayo yote yaweza kuipa kampuni sababu ya kukataa kulipa. Wale abiria wa juu, ambao kila mmoja wetu amepata kuwaona, huenda wakaleta faranga chache leo na hasara kubwa kesho.

Sheria haitazami jina tu

Hapa ndipo madereva wengi wanapopoteza haki yao bila kujua. Kuitwa mtu wa kujitegemea si sawa na kuwa mtu wa kujitegemea mbele ya sheria. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 yasema hivi: mtu aliyeajiriwa siku kwa siku, akiwa amekwisha kufanya kazi siku 22 katika muda wa miezi miwili, kisha akaajiriwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, huhesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho maalumu. Tena, mkataba usipoandikwa, mfanyakazi ana ruhusa ya kuuthibitisha kwa njia nyingine.

Basi ewe dereva, hesabu siku zako. Nunua daftari dogo. Andika siku uliyoondoka na siku uliyofika, namba ya lori, jina la aliyekutuma, na fedha ulizopokea. Tunza hati za mizigo na ujumbe wa simu ulioitwa nao kazini. Kama daftari laonyesha kwamba ajansi moja, au tajiri mmoja, amekutumia mwezi baada ya mwezi, huenda wewe ni mfanyakazi wake kabisa. Peleka daftari hilo kwa mkaguzi wa kazi, naye atazame.

Jambo hilo lina uzito kwa sababu mfanyakazi hupaswa kuandikishwa na mwajiri wake katika mfuko wa taifa uitwao CNSS, ambao zamani ulijulikana kama INSS. Katika kila faranga 100 za mshahara, mwajiri hulipa 13 na mfanyakazi 5. Sehemu ya kukinga ajali za kazini hulipwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi aliyeandikishwa akiumia kazini, mfuko huo una wajibu wa kumsaidia kwa matibabu na kwa posho ya siku asizoweza kufanya kazi. Akifa kwa ajali ya kazini, mjane na yatima wana haki ya malipo.

Anayejitegemea kweli afanyeje?

Wako pia madereva ambao kweli ni bwana wa kazi yao: leo wanachukua mzigo wa huyu, kesho wa yule. Hao wana njia mbili, nazo hazipingani.

Njia ya kwanza ni bima ya ajali ya mtu mwenyewe. Dereva huinunua kwa jina lake, au humwomba mwenye lori aongeze katika mkataba wa lori ulinzi wa dereva na wasaidizi. Kabla ya kutia sahihi aulize maswali manne. Nikifa, jamaa yangu watapata kiasi gani? Nikipata kilema, je? Nani atalipa hospitali? Na nikishambuliwa na watu wenye silaha, mkataba unasemaje? Swali hili la mwisho si la bure. Katika njia za Salamabila na migodi ya dhahabu ya Namoya, malori yamepata kushambuliwa, na mikataba mingi ya bima hukataa madhara ya vita na fujo. Heri kulijua neno hilo ofisini kuliko kulijua hospitalini.

Njia ya pili ni umoja wa madereva wenyewe. Wengi watasema: “Sisi tuna likelemba yetu.” Likelemba ni jambo jema, lakini si bima. Katika likelemba kila mtu hupokea kwa zamu. Ajali haingoji zamu ya mtu. Katika mfuko wa kusaidiana wote hutoa, na aliyepatwa ndiye apokeaye. Asiyepatwa humshukuru Mungu wala hadai fedha zake. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 yatoa kanuni za vyama vya namna hiyo, hivyo chama chaweza kuandikishwa kihalali.

Tunao mfano katika nchi yetu. Huko Bwamanda, kaskazini-magharibi, mfuko wa hospitali ulianzishwa mwaka 1986. Wanachama walitoa mchango mara moja kwa mwaka, wakati wa kuuza mazao, yaani wakati fedha zilipokuwa mkononi. Mwanachama akilazwa, alilipa sehemu ya tano tu ya gharama. Dereva hana mavuno, lakini ana siku ya kurudi na kulipwa. Basi mchango ukatwe siku ileile, kabla fedha hazijagawanyika.

Lakini tusijidanganye. Umoja wa watu 20 waweza kulipa mguu uliovunjika. Hauwezi kulea yatima wa lori lililotumbukia mtoni na watu watatu. Kwa msiba mkubwa kama huo, umoja na uende kwa kampuni ya bima na kununua mkataba mmoja kwa ajili ya wanachama wote.

Maneno kwa akina mama

Mama, usiogope kuuliza. Kumwuliza mume habari za bima si kumtakia kifo. Ijue namba ya mkataba, na kopi yake ikae nyumbani, si katika lori, maana lori likiungua huungua nayo. Hakikisheni pia kwamba ndoa yenu imeandikishwa serikalini, na kila mtoto ameandikishwa ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa. Mjane asiye na cheti hutaabika sana kuthibitisha kwamba yeye ndiye mke, na kwamba hawa ndio watoto.

Turudi kwa yule baba wa Kasongo. Mke wake alimwuliza swali la haki, naye alijibu kwa upendo, lakini jibu lake lilikuwa pungufu. Kesho asubuhi, kabla hajapanda lori, aende kwa mtu wa ajansi na kumwambia kwa heshima: “Ndugu, magunia yote umeyaandika. Niandike na mimi.” Akikataliwa, walau amejua ukweli mapema, na bado ana nafasi ya kutafuta njia nyingine. Tahadhari kabla ya athari.