Donald Lindberg, Maktaba ya Utabibu na Malaria ya Nyanza

Msafiri atokaye Sondu akapita Kisumu na kushika barabara ya Busia hufika Kisian, kilipo kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI). Mwambao huu wa Ziwa Victoria una malaria mwaka mzima, na ndiyo sababu watafiti wamepiga kambi hapo. Hata hivyo, hadi miaka ya 1990, mbu walinaswa Nyanza ilhali maandishi kuwahusu aghalabu yalikaa katika maktaba za ng'ambo.

Aliyechangia pakubwa kuibadilisha hali hiyo ni Donald Lindberg, daktari aliyeiongoza Maktaba ya Kitaifa ya Utabibu ya Marekani tangu 1984 hadi 2015. Fahirisi ya makala za utabibu, iliyoanza kuchapishwa 1879, ilikuwa imeingizwa katika tarakilishi kabla yake, ila mtafutaji alitozwa ada. Mnamo Juni 1997 huduma ya PubMed ilifunguliwa kwa umma bila malipo.

Lakini cha bure mtandaoni hakimfai asiye na mtandao. Mapema mwaka huo, wataalamu wa malaria walikuwa wamekutana Dakar, na mawasiliano duni yakawa kilio cha watafiti wa Afrika. Maktaba ya Lindberg ikajitwika jukumu la kuviunganisha vituo vyao kwa setilaiti, vikiwemo Bamako, Kilifi na Kisian. Maktaba kusimamisha madishi Afrika! Wengi wangeishia kutuma vitabu.

Kwa mwanafunzi wa lugha, mradi wake wa 1986 unavutia zaidi. Mfumo huo, UMLS, hukusanya istilahi zenye maana moja chini ya dhana moja. Ni kama tarakilishi kufundishwa kwamba "kifua kikuu" na "TB" ni ugonjwa ule ule. Kiswahili kina tatizo la upande wa pili pia: mgonjwa wa Sondu akisema ana homa, huenda ana joto la mwili, mafua au malaria yenyewe. Fumbo hilo halifumbuliwi na mashine pasipo mwanaisimu.

Isitoshe, PubMed aghalabu hutoa muhtasari tu. Makala kamili huenda yakadai fedha. Matokeo ya utafiti wa vyandarua vilivyotiwa dawa huko Asembo na Gem yalichapishwa 2003. Mtu akiandika "Asembo" huyapata mara moja, kwa Kiingereza.