Kupima Uimara wa Nyanya na Beri Nyinginezo

Mnunuzi wa nyanya hubonyeza tunda kwa kidole gumba kabla hajataja bei. Anachokipima ni kitu cha kweli, lakini kipimo chake kina kasoro mbili: gumba la huyu si gumba la yule, na tunda lililobonyezwa sana hubaki na jeraha ambalo kesho huwa mlango wa ukungu. Mkulima ambaye matenga yake yamekataliwa kwa kuwa nyanya ni laini mno hana namba ya kujitetea nayo.

Katika botania nyanya ni beri, yaani tunda lenye nyama lililokua kutoka ovari moja, mbegu zikiwa ndani. (Stroberi, licha ya jina lake, si beri ya kweli.) Uimara wake hutokana na maji yanayosukuma kuta za seli kutoka ndani, na pektini inayozishikamanisha seli hizo. Tunda liivapo, vimeng'enya huivunja pektini; likikaa juani, hupoteza maji. Mwaka 1994 iliuzwa Marekani nyanya iitwayo Flavr Savr, ambayo kimeng'enya chake kimoja, poligalakturonasi, kilikuwa kimepunguzwa mno kwa kubadili jeni. Haikubaki imara kama ilivyotarajiwa, kwani kazi ya kulainisha tunda hufanywa na vimeng'enya vingi.

Kifaa kilichoenea zaidi kilielezwa mwaka 1925 na Magness na Taylor wa Wizara ya Kilimo ya Marekani. Kijiti cha chuma chenye ncha ya duara husukumwa ndani ya tunda, na springi huonyesha kani iliyohitajika. Kwa matufaha hutumika ncha yenye kipenyo cha milimita 11. Kwa mapea, milimita 8. Mwanafunzi aweza kudhani kwamba, kwa kuwa maeneo ya ncha hizo ni takriban milimita za mraba 95 na 50, kani nazo zitafuata uwiano huo. Sivyo. Mwaka 1966 Malcolm Bourne alionyesha kuwa ncha hugandamiza nyama iliyo chini yake, jambo linalotegemea eneo, na wakati huo huo huikata pembeni, jambo linalotegemea mzingo. Mzingo wa ncha kubwa ni mara 1.4 tu ya ule wa ndogo. Namba isiyotajiwa kipenyo cha ncha, basi, haina maana.

Kwa beri ndogo kama bluberi, ncha hizo ni kubwa mno. Tunda hubanwa kidogo kati ya bapa mbili bila kutobolewa, na jibu hutolewa kwa kani kwa kila milimita ya kubonyea.

Jaribio hili lawezekana shuleni. Nyanya iwekwe mezani, juu yake ubao mwepesi, na kimo kipimwe. Liongezwe jiwe la mizani la kilo 1, ubao ukishikiliwa usiinamie upande, kisha baada ya sekunde 10 kimo kipimwe tena. Kikipungua kwa milimita 2, jibu ni nyutoni 9.8 gawanya kwa 2, yaani nyutoni 4.9 kwa milimita. Nyanya zote ziwe na ukubwa na halijoto vinavyolingana. Zikipimwa kumi kutoka tenga moja, majibu yatatofautiana, na tofauti hiyo ndiyo asiyoiona mnunuzi anayebonyeza nyanya moja ya juu.