Msaada wa masomo katika universite za Marekani

Jamaa nyingi za Wakongo zinakaa leo Marekani, na mara nyingine wanatuomba tuwaelezee barua za universite. Tufahamu basi hesabu yenyewe.

Kwanza universite inahesabu bei yote ya mwaka: masomo, nyumba, chakula, vitabu, safari. Pili, kwa karatasi inayoitwa FAFSA, serkali inapima mali ya jamaa. Ukiondoa kipimo kile katika bei, kinachobaki ndicho uhitaji.

Halafu universite inafunga vitu vitatu pamoja. Kuna zawadi isiyorudishwa, kama Pell Grant ya serkali, ambayo mwaka wa masomo 2024-2025 haikupita dola 7.395. Kuna kazi ya mshahara. Na kuna mkopo, ndio deni, hurudishwa na faida juu yake.

Hatari ni hapa: pengine barua inajumlisha vyote kwa neno moja, msaada. Tulimwona baba mmoja akimshukuru Mungu kwa ajili ya deni, akizani ni sadaka. Tuwafundishe watu kuuliza: zawadi ni ngapi, deni ni ngapi, tutalipa nini sisi wenyewe? Mtu anaweza kukataa deni na kupokea zawadi.