Picha za mitindo: fedha iko kwa fundi cherehani

Kijana wa Mwananyamala au Tandika, Dar es Salaam, anayenunua kamera yake ya kwanza ya dijitali huwa anaota jukwaa. Anaijua Swahili Fashion Week, iliyoanzishwa na Mustafa Hassanali mwaka 2008, na anamjua Flaviana Matata, Miss Universe Tanzania wa 2007 aliyekwenda kufanya uanamitindo New York. Ndoto hiyo ni halali. Lakini maonyesho huchukua siku chache kwa mwaka, na kodi ya chumba hudaiwa miezi yote. Soko la kumlisha liko mtaa wa pili: fundi cherehani anayetangaza mishono yake WhatsApp, dada anayechukua magauni Kariakoo na kuyauza Instagram, mbunifu aliyeanza na vyerehani viwili sebuleni.

Wateja hawa wanalipia nini? Naamini wanalipia ukweli wa rangi. Mnunuzi wa Mwanza ameliona gauni kwenye simu, ametuma fedha, na mzigo umepanda basi. Akifungua akakuta zambarau aliyoipenda ni bluu, muuzaji anapoteza nauli ya mzigo, anapoteza na jina. Mpiga picha anayekitoa kitenge kama kilivyo ameulinda mtaji wa mwenzake, na hapo ndipo anapopata nguvu ya kutaja bei.

Ujuzi huo hauanzii kwenye kamera ya mamilioni, unaanzia kwenye kulijua jua la Dar es Salaam. Jiji liko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na karibu na katikati ya Oktoba, jua la mchana husimama utosini: macho ya mwanamitindo hugeuka mashimo meusi, na darizi nyeupe hupotea kwa mng'aro. Saa nzuri ni saa 1 hadi saa 3 asubuhi, na kuanzia saa 10 jioni mpaka jua linapozama, maana huku giza likianza kuingia halichelewi. Katikati ya siku, tafuta kivuli kilicho jirani na ukuta mweupe. Jihadhari na turubai la bluu na ukuta wa kijani. Vyote humwaga rangi yake juu ya nguo na ngozi, na kuhariri hakutaiondoa yote.

Kipimo cha mwanga ndani ya kamera nacho hudanganya. Hukichukulia kila kinachokiona kuwa kijivu cha wastani. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera hupunguza mwanga na uso wake ukazama. Kanzu nyeupe ikijaza picha, hutoka ya kijivu. Anayejifunza apime mwanga usoni, kisha apige karatasi nyeupe palepale ili airekebishe rangi kwa kuifuata. Mazoezi hayo hayagharimu kitu, na ndiyo yanayomtenganisha na mwenye simu nzuri.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Lenzi ya 50mm ni nafuu na inasifiwa sana, lakini kwenye kamera ya Canon yenye kihisi kidogo, kumpata mtu kuanzia kilemba hadi viatu kunakutaka urudi nyuma karibu mita 5. Chumba cha kupanga Mbagala hakina nafasi hiyo. Lenzi ya 18-55mm inayokuja na kamera inatosha kwa kuanzia. Anayenunua kamera iliyotumika aulize imeshapiga picha ngapi, kwani nyingi za daraja la chini hukadiriwa kudumu mibofyo kama 100,000. Tuseme kamera ni shilingi milioni 1 na kila kazi inakula mibofyo 500: ni kazi 200, yaani shilingi 5,000 kwa kila kazi kabla ya nauli, bando na umeme. Wengi hawaihesabu. Wanatoza saa moja ya kupiga, kisha wanakesha usiku mzima wakihariri bure. Kutoza kwa idadi ya nguo, na kuchukua nusu ya malipo kabla ya kazi, kunamfaa zaidi anayeanza, na fundi naye huelewa kwa sababu yeye mwenyewe hudai kianzio.

Makubaliano yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazilinda picha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa aliyepigwa picha sauti juu ya matumizi ya sura yake. Nani ataitumia picha, wapi, kwa muda gani: majibu yapatikane kabla ya kamera kutoka mkobani.

Kwa anayetaka taa ili asitegemee jua pekee, mtaji unaweza kuanzia halmashauri. Manispaa hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Hutolewa zaidi kwa vikundi, na mimi naona kazi hii inafaa kikundi: seti moja ya taa, wapiga picha kadhaa, kila mmoja na siku yake.

Kilichobaki ni kalenda. Mafundi huanza kujaza oda za Idi kabla Ramadhani haijafika, na harusi za Shaabani huwapa mishono mipya ya kuonyesha. Sampuli zipigwe picha wakati huo, maana Ramadhani ikifika katikati fundi hana hata dakika ya kuinua kichwa.