Orodha kwanza, maboksi baadaye

Agosti 1814 wanajeshi wa Uingereza waliingia Washington wakalichoma jengo la Bunge la Marekani, na maktaba ya wabunge, yenye vitabu vipatavyo 3,000, ikateketea. Mwezi uliofuata Thomas Jefferson, rais mstaafu aliyekuwa akiishi Monticello, Virginia, alituma ujumbe: yuko tayari kuuza vitabu alivyovikusanya kwa takriban miaka 50. Alitaka kuisaidia nchi, lakini wadai nao walikuwa mlangoni. Shamba lake, lililoendeshwa kwa jasho la watumwa, halikutosha kuwalipa.

Alitoa sharti moja: wachukue vyote au waache. Baadhi ya wabunge walipinga, wakidai vingine ni vya lugha za kigeni na vingine vinapotosha dini. Hoja ilipita kwa shida Januari 1815. Vitabu 6,487 vilinunuliwa kwa dola 23,950, bei ikipangwa kwa ukubwa wa umbo: kikubwa kabisa dola 10, kidogo kabisa dola 1. Vilivyomtesa kuvisaka katika maduka ya Paris enzi za ubalozi wake vilipimwa kwa kipimo hichohicho.

Jefferson hakuviacha vifungwe ovyo. Makabati yalipigiliwa mbao kwa mbele, kila kitabu kikiwa mahali pake, yakapakiwa kwenye magari kumi ya kukokotwa na farasi. Orodha nayo ilikuwa tayari, imegawa elimu yote katika mafungu matatu: kumbukumbu, akili na ubunifu. Maktaba ya Bunge iliufuata mpango huo karibu karne nzima.

Faida ya orodha ilionekana baada ya msiba. Desemba 24, 1851, moto uliteketeza karibu theluthi mbili ya vitabu hivyo. Karne na nusu baadaye wakutubi, wakiifuata orodha hiyo, walianza kutafuta matoleo yaleyale, kimoja kimoja, na leo sehemu kubwa ya mkusanyo imerudi rafuni. Jefferson mwenyewe alikuwa ameanza kununua upya mara tu alipouza. Vitabu hivyo vya uzeeni vilipigwa mnada mwaka 1829, miaka mitatu baada ya kifo chake, vikatawanyikia kwa wanunuzi mbalimbali.

Kwetu vitabu vya marehemu mara nyingi hutoka baada ya matanga, chumba kinapotakiwa. Vingine huishia kwa muuza mitumba wa kando ya barabara, vingine hufungiwa karanga, pamoja na riwaya za Kiswahili zilizokwisha kuacha kuchapwa.

Anayestaafu au anayehamia nyumba ndogo aanze na daftari: jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka. Alipeleke kwanza shuleni au maktaba, wachague wanachoweza kutunza, ndipo maboksi yafungwe. Asiwaachie watoto kazi hiyo. Wao wataona karatasi kuukuu; yeye ndiye anayejua kipi hakipatikani tena.