Kivumishi «–kali» katika Lugha ya Waandishi wa Habari

Katika makala haya mafupi tunakusudia kueleza jinsi waandishi wa habari wanavyotumia kivumishi kimoja cha kila siku, yaani –kali, katika mambo yaliyo mbalimbali. Tumekichagua kwa sababu ni nadra taarifa ya habari kusomwa bila kukitaja, na kwa sababu mara nyingine huficha lile lile ambalo msikilizaji alitaka kulijua.

1. Matumizi ya nyumbani

Nyumbani –kali ni neno la hisi. Kisu kikali hukata, pilipili kali huwasha ulimi, jua kali huunguza ngozi, mbwa mkali huuma. Katika mifano hii msemaji amekigusa kitu, amekionja au amekiogopa, na msikilizaji aweza kukijaribu mwenyewe. Hata jina makali, litokalo katika shina hilo hilo, lataja ule upande wa kisu unaokata.

2. Matumizi ya habari

Katika habari neno hilo hilo hubeba kazi nyingine, kufuatana na jambo linalosimuliwa:

a) Vita: mapigano makali, mashambulizi makali. Hapa –kali huonyesha nguvu au wingi.

b) Siasa: onyo kali, hatua kali, pia kielezi vikali, kama katika «amekanusha vikali». Ukali huu ni wa sauti na wa nia. Pengine hakuna lililotendeka bado.

c) Uchumi: ushindani mkali, makali ya maisha. Hapa pana taabu ambayo mtu huivumilia siku baada ya siku.

d) Michezo: mechi kali, mkwaju mkali. Hapa neno limegeuka kuwa sifa, na msomaji hufurahi.

Nchini kwetu Kifaransa ni lugha rasmi, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Kwa hiyo habari nyingi hupita mikononi mwa mfasiri. Mfasiri hukuta violents combats, vive protestation, mesures sévères, rude concurrence. Maneno manne ya Kifaransa huingia katika mlango mmoja wa Kiswahili, nao ni –kali. Tusiseme kwamba lugha yetu ni maskini: tunayo –zito, –gumu, –kubwa, na vitenzi vingi vyenye nguvu. Sababu ni haraka ya kazi, pamoja na mazoea.

3. Hatari yake

Msomaji aweza kuuliza: pana hasara gani? Tuchukue mfano wa afya. Waganga hutofautisha malnutrition aiguë na malnutrition sévère. Neno la kwanza huonyesha utapiamlo wa kukonda au kuvimba, ulio tofauti na ule sugu unaomdumaza mtoto polepole. Neno la pili huonyesha kiwango chake. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzingo wa mkono wa juu ukiwa chini ya milimita 115, hali yake ni sévère. Ukiwa kati ya 115 na 125, ni modérée, yaani ya wastani. Sasa, mfasiri akiyageuza maneno yote mawili kuwa –kali, malnutrition aiguë modérée itakuwa «utapiamlo mkali wa wastani», nayo sentensi itajipinga yenyewe. Akilifuta neno la mwisho, mama hatajua kama mtoto wake yumo katika hatari ya kufa au katika ile ya kuangaliwa kwa karibu. Kusema «utapiamlo wa kukonda, wa kiwango cha wastani» hakuhitaji muda mrefu zaidi.

Mfano wa pili ni wa mvua. Mwanzoni mwa Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya udongo yaliangamiza zaidi ya watu 400 katika eneo la Kalehe, Kivu Kusini, hasa katika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Kusema kwamba ilinyesha «mvua kali» ni kweli. Lakini mvua ya jioni iliyovunja tawi la mwembe nayo huitwa hivyo. Kinachomfahamisha msikilizaji ni jina la kijiji, ni mto uliofurika, ni hesabu ya waliokufa. Ndivyo ilivyo pia kwa «mapigano makali»: anayefikiri kuhama na watoto wake ataka kujua ni kilima kipi, ni barabara ipi, ni tangu saa ngapi.

4. Hitimisho

Hatusemi kwamba waandishi waliache neno hili. Ni neno zuri, tena la kale. Twawashauri tu, pamoja na wanafunzi wetu watakaofanya kazi hiyo, wajiulize kila mara wanapoliandika: kali kwa nani, na kwa kipimo gani? Jibu likipatikana, liandikwe. Na likiisha kuandikwa, mara nyingi itaonekana kwamba –kali yenyewe haihitajiwi tena.